Kizuia histamini si kila dawa ya mzio

Neno mzio lilikuwepo katika Kiswahili kabla ya hospitali. Linatokana na kuzia, yaani kujiepusha na kitu, na wazee walilitumia kwa chakula ambacho mtu au ukoo haukigusi kwa kuwa kinawadhuru au ni mwiko kwao. Pweza akimdhuru mtu, pweza ndiye mzio wake. Aleji ni neno changa. Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna, aliliunda mwaka 1906 kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya “nyingine” na “kazi”, kwa sababu aliona namna mwili wa mgonjwa unavyojibu ikibadilika. Madaktari wetu walipoamua kuita hali hiyo mzio, maana ya neno ilisogea. Leo mtu husema “nina mzio wa vumbi”, na anachokitaja ni hali ya mwili wake.

Mzio umekaa vizuri. Linalonisumbua ni jina la dawa yake. Antihistamini huitwa madukani dawa ya mzio, dawa ya aleji, hata dawa ya mafua, na wengi huomba “Piriton”, ambayo ni chapa tu, bila kujali kilichoandikwa kwenye pakiti. Majina hayo yanataja ugonjwa au chapa, hayasemi dawa inafanya nini, na hapo ndipo watu wanapochagua vibaya.

Histamini ni kemikali ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Henry Dale na Patrick Laidlaw walieleza nguvu zake mwaka 1910 huko London. Imehifadhiwa ndani ya seli za kinga zilizo kwenye ngozi, utando wa pua, macho na mapafu. Mtu mwenye mzio akivuta chavua ya maua, au vumbi la godoro lenye kinyesi cha utitiri, seli hizo huimwaga. Histamini hushika vipokezi vilivyo karibu, mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvujisha maji, neva huanza kuwasha. Ndiyo maana chafya hufuatana, kamasi jepesi hutiririka, macho huwasha na ngozi hutoka mabaka.

Mwaka 1937, Daniel Bovet wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris aligundua kemikali ya kwanza ya kuipinga histamini. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1957. Dawa za aina hiyo haziifuti histamini, wala hazizuii isimwagike. Zinatangulia kukaa kwenye kipokezi, na kiti kikishakaliwa anayefika nyuma hana pa kuketi. Kwa hiyo anayejua kwamba kesho atafagia ghala hupata nafuu zaidi akimeza kidonge kabla ya kuanza kazi. Kwa sababu hiyo napendelea kizuia histamini, kwa wingi vizuia histamini, mradi ieleweke kwamba kinachozuiwa ni kitendo cha histamini. Kiondoa histamini lingekuwa kosa. Vitabu vya tiba viongeze pia aina ya kipokezi, H1, kwa sababu simetidini ya kupunguza asidi ya tumbo nayo huzuia histamini, ila kwenye kipokezi cha H2, na haitumiki kutuliza chafya.

Vizuia histamini vya H1 viko katika vizazi viwili. Cha kwanza ni kile cha vidonge vidogo vya manjano vya klorofeniramini, miligramu 4, pamoja na promethazini. Hivi hupenya hadi kwenye ubongo, ambako histamini ina kazi ya kutuweka macho, na ndiyo sababu vinasinzisha. Dereva wa bodaboda anaweza kujiona yuko sawa huku mikono yake imechelewa kufunga breki. Hukausha mdomo pia, na mzee mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kushindwa kukojoa. Kumpa mtoto dawa hizi ili alale tu ni hatari, na promethazini haifai kabisa kwa aliye chini ya miaka 2. Kizazi cha pili, kama setirizini na loratadini, hupenya kwenye ubongo kidogo sana, na kwa mtu mzima miligramu 10 mara moja kwa siku hutosha. Setirizini bado huwasinzisha baadhi ya watu. Kwa mtu wa kazi za mchana ningeanza na loratadini.

Muuzaji anayeijua kazi yake utamtambua kwa swali lake. Mteja akisema, “Dada, nina aleji, nisaidie dawa,” yeye hujibu, “Pole kaka. Unawashwa na kupiga chafya, au pua imeziba?” Swali hilo lina uzito. Kwa kuwashwa, chafya na mabaka, kizuia histamini kinafaa. Kwa pua inayoziba wiki baada ya wiki hakisaidii sana. Hapo hufaa zaidi dawa ya steroidi ya kupuliza puani, inayotaka uvumilivu kwa sababu nguvu yake kamili huja baada ya siku kadhaa. Matone ya kuzibua pua, kama ksilometazolini, huanza kufanya kazi baada ya dakika chache, lakini yakitumika zaidi ya wiki moja pua huziba upya kwa sababu ya matone yenyewe. Pumu nayo haitibiwi kwa kizuia histamini; ina dawa zake za kuvuta.

Soma pia maandishi madogo ya pakiti za dawa za mafua. Nyingi tayari zina klorofeniramini, na anayeongeza kidonge cha manjano juu yake anameza dozi mbili za dawa moja.

Mtu akivimba midomo au ulimi, akikosa pumzi, au akianguka baada ya kuumwa na nyuki, kula karanga au kudungwa sindano, vidonge vyote nilivyovitaja havitoshi. Dawa ya kwanza ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja. Usikae kungoja kidonge kifanye kazi. Mkimbize hospitali saa ileile.