Nguzo ya Kiti katika Baiskeli ya Milimani

Nguzo ya kiti ni bomba lichomekwalo kwa juu katika fremu ya baiskeli, likakazwa kwa bano la bolti au la wenzo, na kichwani mwake kikafungwa kiti cha mpandaji. Na ijapokuwa haina mapambo, wala haizunguki kama kranki na gurudumu, ndiyo iamuayo kama nguvu za miguu zitafika kamili katika pedali au zitapotea katika magoti na kiuno. Katika baiskeli ya barabarani wajibu wake aghalabu ni mmoja, nao ni kukishika kiti katika kimo kile kile siku zote. Katika baiskeli ya milimani hutakiwa mambo mawili yapinganayo: apandapo mlima, mpandaji hutaka kiti kiwe juu ili mguu upate kunyooka, ateremkapo, hutaka kiti kiwe chini, ili mwili wake upate nafasi ya kurudi nyuma na kuikaribia ardhi, asije akarushwa mbele kupita usukani. Karibu mambo yote ya kuichagua na kuirekebisha nguzo hii yatokana na upinzani huo.

Upinzani wenyewe ulidhihirika tangu baiskeli za milimani zilipoanza. Vijana wa wilaya ya Marin, katika jimbo la California, Marekani, ambao tangu mwaka 1976 walishindana kuteremka njia ya vumbi na mawe iitwayo Repack, karibu na mji wa Fairfax, waliweka wenzo mahali pa bolti ya bano ili kiti kiweze kushushwa bila spana. Joe Breeze, aliyeunda mwaka 1977 baiskeli iliyokusudiwa makhsusi kwa safari za namna hiyo, alishirikiana baadaye na Josh Angell kubuni springi ndogo, Hite-Rite, iliyofungwa baina ya nguzo na fremu: mpandaji akifungua wenzo, uzito wake ulikishusha kiti, na alipojiinua, springi ilikirudisha juu kikiwa kimenyooka. Kutoka hapo hadi nguzo ya kushuka tuijuayo leo, ambayo hutii kitufe kilicho usukanini, ilikuwa ni safari ya kuuondoa mkono wa mpandaji katika bano na kuuacha katika usukani, ambako ndiko mahali pake hasa.

Jambo la kwanza kwa mnunuzi ni unene, na hapo hapana nafasi ya kukadiria kwa macho. Vipimo vilivyozoeleka katika baiskeli za milimani ni milimita 27.2, 30.9, 31.6 na 34.9, ilhali fremu za zamani zaweza kuwa na vipimo vingine vingi vilivyoachana kwa sehemu ndogo sana za milimita. Tofauti ya 30.9 na 31.6 haionekani kwa jicho la fundi hata awe hodari vipi; lakini nguzo ya 30.9 ikitiwa katika fremu ya 31.6 itacheza na kuzama, na bano likikazwa kupita kiasi ili kuizuia, mdomo wa fremu utapasuka. Njia salama ni kuitoa nguzo ya zamani na kuisoma namba iliyochapwa karibu na mwisho wake wa chini. Na ikiwa namba imefutika, ipimwe kwa kalipa mahali pasipochakaa. Nguzo nyembamba yaweza kutumika katika fremu pana ikivishwa mkebe mwembamba wa aluminiamu uliotengenezwa kwa kazi hiyo, bali nguzo nene haiingizwi kwa nyundo wala kwa tupa katika fremu nyembamba. Ashauriye kinyume cha hayo anauza hatari.

Urefu nao una sharti lake. Kila nguzo njema imechorwa mstari wa mwisho wa kuinuliwa, na mstari huo haufai kuonekana baada ya bano kukazwa. Zaidi ya hayo, ncha ya chini ya nguzo yapasa ishuke ndani kupita pale ambapo bomba la juu la fremu hukutana na bomba lililosimama. La sivyo uzito wote wa mpandaji hubebwa na kipande kifupi cha bomba kisicho na tegemeo, na fremu hupasuka kwenye weldi. Mtu mrefu aliyenunua fremu fupi huvutwa sana na tamaa ya kuinua kiti vidole viwili vitatu kupita mstari. Dawa yake ni nguzo ndefu zaidi, na bora kuliko hiyo ni fremu ya kimo chake.

Mintarafu ya madini, nguzo nyingi ni za aluminiamu, nazo zatosha kwa haja za watu walio wengi. Chuma ni kizito lakini kina uvumilivu. Titani ni ghali. Nyuzi za kaboni ni nyepesi na hupunguza kidogo mtikisiko, ila huchukia bano lililokazwa kwa ghadhabu. Mkazi wa pwani anayo sababu ya kulizingatia jambo hili kuliko mwingine. Aluminiamu ikikaa ndani ya fremu ya chuma, na hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga au Unguja ikaingia kati yake, madini hayo mawili huanza kulana: unga mweupe hujitokeza mdomoni mwa fremu, na kwa kuwa unga huo huhitaji nafasi kubwa kuliko madini uliyotoka, hujisokota ndani na kuishika nguzo hata wanaume wawili wasiweze kuigeuza. Kinga yake ni rahisi mno: nguzo itolewe kila baada ya miezi michache, ifutwe pamoja na ndani ya fremu, ipakwe grisi, kisha irudishwe. Nguzo ya kaboni haipakwi grisi, bali mafuta mazito maalumu yenye chembe mfano wa mchanga, ambayo huiwezesha kushikwa kwa nguvu ndogo. Bolti zikazwe kwa spana ya kupimia mkazo, kwa kufuata namba ya newton-mita iliyochapwa juu ya bano, ambayo kwa nguzo ya kaboni aghalabu haizidi 5 au 6.

Atakaye nguzo ya kushuka yampasa ajue kwanza atapata mshuko kiasi gani. Ziko za milimita 100, 125, 150, 170, 200 na zaidi, na wengi hudhani kuwa ndefu kuliko zote ndiyo bora. Kipimo cha kufuata ni nafasi iliyopo kutoka mdomo wa fremu hadi kwenye reli za kiti, kiti kikiwa katika kimo chake cha kupandia. Tuseme nafasi hiyo ni sentimita 23, na kichwa cha nguzo pamoja na ukosi wake huchukua sentimita 5: nguzo ya milimita 170 itachukua sentimita 22, nayo itafaa kwa kuinuliwa kidogo, ya milimita 200 itafika sentimita 25, na mwenyewe hatafikia pedali sawasawa. Yapaswa kutazamwa pia kama bomba la fremu limenyooka ndani kiasi cha kuimeza sehemu ya chini ya nguzo, na kama fremu ina tundu la kupitishia waya wa kitufe. Kwamba chombo hiki si anasa ya wapenda mawe peke yao kulithibitika mwezi Machi 2022, Matej Mohorič wa Slovenia alipoitumia nguzo ya kushuka katika baiskeli ya barabarani, akawaacha wenziwe katika mteremko wa Poggio na kushinda mbio za Milano hadi Sanremo.

Kurekebisha kimo huanza na mwili. Mpandaji asimame peku akiegemea ukuta, aweke kitabu kati ya miguu, akipandishe kwa nguvu mpaka msambani, kisha mtu wa pili apime kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni. Kanuni iliyoenezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, huzidisha kipimo hicho kwa 0.883 kupata umbali wa kutoka katikati ya ekseli ya kranki hadi juu ya kiti. Hivyo mwenye sentimita 80 atapata takriban 70.6. Watafiti wa Uingereza Hamley na Thomas, katika mwaka 1967, walipendekeza asilimia 109 ya kipimo hicho hicho kutoka pedalini hadi kitini, yaani sentimita 87.2, na ukitoa kranki ya milimita 170, husalia 70.2. Njia mbili mbalimbali zikikaribiana hivyo, mtu aweza kuanza hapo kwa imani, kisha ausikilize mwili. Maumivu ya mbele ya goti aghalabu hutokana na kiti kilicho chini mno, na ya nyuma ya goti na kiti kilicho juu mno. Na nyonga zikiyumba huku na huku kila pedali ifikapo chini, kiti kishushwe milimita tatu au tano, kijaribiwe tena.

Kusogeza kiti mbele au nyuma juu ya reli zake hufuata kimo, wala hakukitangulii. Desturi ya kuangusha timazi kutoka gotini hadi kwenye ekseli ya pedali ni mwanzo wa kufaa, ingawa Keith Bontrager, muundaji wa fremu wa California, alishikilia kwa hoja nzito kwamba haina msingi wa kanuni za maumbile. Katika miinuko mikali kiti kilichosogezwa mbele huzuia gurudumu la mbele lisiinuke. Ama mlalo wa kiti, uwe sawa na ardhi au pua ishuke nyuzi moja mbili. Na katika baiskeli yenye springi nyuma upimwe mpandaji akiwa amekaa juu yake, kwani uzito wake huizamisha sehemu ya nyuma na kuiinua pua.

Kimo kikishapatikana, nguzo ya kawaida izungushiwe utepe wa plastiki palepale kwenye mdomo wa fremu, ili irudi mahali pake baada ya kusafishwa. Nguzo ya kushuka ikikataa kupanda baada ya kufungwa upya, kabla ya kuilaumu gesi iiinuayo au waya wake, bano lilegezwe robo ya mzunguko: mara nyingi ni bano lililoibana mno ganda lake la nje, na likilegezwa kiasi hicho nguzo hupanda yenyewe.