Historia ya Makabati ya Jikoni na Kona Zake

Makabati ya jikoni yanayopangwa ukutani kwa safu moja, bila mwanya kati yake, hayana umri mkubwa. Hadi mwishoni mwa karne ya 19, jiko la kawaida la Ulaya na Marekani lilikuwa na samani zilizosimama kila moja peke yake: meza katikati ya chumba, kabati la vyombo upande huu, sinki upande ule. Mpangilio huo ulimchosha mpishi kwa kumtembeza kutwa, lakini haukuwa na shida ya kona. Shida hiyo ilizaliwa pale makabati yalipounganishwa.

Wazo la kuyaunganisha lilianza na huruma kwa anayepika. Mwaka 1869, Catharine Beecher wa Marekani na mdogo wake, Harriet Beecher Stowe, walichapisha kitabu The American Woman's Home. Humo walisifu jiko la melini, ambamo mpishi hufikia kila kitu kwa hatua chache, wakachora jiko la nyumbani lenye rafu, hifadhi ya unga na meza ya kazi vilivyokaa pamoja. Mwanzoni mwa karne ya 20 yakaenea makabati ya Hoosier, yaliyotengenezwa jimboni Indiana. Kabati moja lilibeba pipa la unga lenye chekecheo, mahali pa viungo na meza ya kuvuta. Hata hivyo, hilo nalo lilisimama peke yake.

Hatua iliyofuata ilitokana na upimaji wa kazi viwandani. Kuanzia mwaka 1912, Mmarekani Christine Frederick aliandika makala katika jarida la Ladies' Home Journal akitumia kanuni za Frederick Winslow Taylor, aliyepima kazi za viwandani, kwa kazi za nyumbani. Alichora njia anazopita mpishi kutoka jiko la moto hadi sinki na meza, akaonyesha jinsi vifaa vilivyopangwa ovyo vinavyoongeza hatua zisizo na faida. Maandishi yake yalisomwa Ujerumani, ambako mbunifu wa majengo kutoka Vienna, Margarete Schütte-Lihotzky, aliyafanyia kazi.

Mwaka 1926, akiwa katika kikosi cha mbunifu wa majengo Ernst May kilichojenga mitaa mipya ya Frankfurt, Schütte-Lihotzky alisanifu jiko lenye urefu wa takriban mita 3.4 na upana wa mita 1.9. Makabati, sinki na meza vilijengwa pamoja na chumba. Hifadhi ya unga ilikuwa ya mwaloni ili kuzuia wadudu, na sehemu ya kukatia ilikuwa ya mti mgumu uitwao beech. Mchele na sukari vilikaa katika vidroo vya alumini vyenye mdomo wa kumiminia. Takriban majiko 10,000 ya aina hiyo yalijengwa. Lawama zilikuwepo pia: watu wawili hawakuweza kufanya kazi humo kwa raha, na watoto walikuwa mbali na macho ya mama. Bado, jiko hilo ndilo lililoweka kanuni kwamba makabati ni sehemu ya nyumba.

Vipimo vya pamoja vilifuata. Sweden ilianzisha taasisi ya utafiti wa kazi za nyumbani mwaka 1944, na matokeo yake yakasaidia kuweka viwango vya kitaifa vya jiko. Barani Ulaya, kina cha sentimita 60 kikawa kipimo cha kawaida cha kabati la chini.

Hapo ndipo kona ilipodai gharama yake. Safu mbili zenye kina cha sentimita 60 zikikutana katika umbo la L, huacha mraba wa sentimita 60 kwa 60 usio na mlango wake. Suluhisho la kwanza lilikuwa kuufunga kabisa. La pili likawa kabati la mshazari, lenye mlango unaoikata kona, ambalo huhitaji kama sentimita 90 kwenye kila ukuta. La tatu ni rafu zinazozunguka juu ya mhimili. Rafu hizo huleta chungu cha nyuma mbele kwa mkono mmoja, ila hupoteza nafasi: duara linalogusa pande zote nne za mraba huchukua zaidi kidogo ya asilimia 78 tu ya eneo lake. Baadaye zikaja trei zenye umbo la figo zinazotoka nje mlango ukifunguliwa, na droo zenye uso uliokunjwa kufuata kona. Katika yote haya, nafasi kidogo hutolewa ili kinachobaki kifikiwe bila kupiga magoti.

Ujenzi wa makabati ulitoka mikononi mwa seremala peke yake kwa sababu ya mbao za viwandani. Katika miaka ya 1930, Mjerumani Max Himmelheber alibuni njia ya kugeuza mabaki ya mbao kuwa chipubodi, ambayo ilienea baada ya Vita Kuu ya Pili. Keekee za umeme za nyumbani zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1946, na mwaka 1956 IKEA ya Sweden ikaanza kuuza samani za kuunganishwa na mnunuzi. Bawaba zinazokaa katika tundu la milimita 35 ziliwezesha mlango kusawazishwa kwa bisibisi. Mwenye nyumba akaweza kufunga makabati ya jiko lake mwenyewe.

Afrika Mashariki ilipita njia nyingine. Katika nyumba za mawe za Lamu, zidaka ndani ya kuta nene zilibeba vyombo vya thamani, na jiko liliwekwa juu ili moshi utoke. Penye kuni na mkaa, makabati ya mbao kando ya moto hayakufaa. Yameenea mijini pamoja na gesi na maji ya bomba ndani ya nyumba, na leo mafundi seremala wa Dar es Salaam na Nairobi huyatengeneza kwa mbao za viwandani kama MDF na blokbodi.

Kanuni ya ufungaji ni ileile kila mahali. Kona hukaguliwa kwanza: hupimwa sentimita 60 ukuta mmoja na 80 ukuta wa pili, na mshazari ukiwa 100, kona ni mraba. Pimamaji hutafuta sehemu ya sakafu iliyo juu zaidi, ambayo huweka kimo cha safu nzima. Kabati la kona hufungwa kabla ya mengine, na kipande chembamba cha ubao huwekwa kando yake ili droo za pande mbili zisigongane vishikio. Kosa la milimita chache hapo huongezeka kadiri safu inavyorefuka.