Majibu Yako Huenda Wapi?

(Muziki wa kipindi unashuka.)

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, nawe unayefuata kipindi hiki kwa kusoma karatasi hizi pamoja na wenzako kambini, bila shaka umewahi kuulizwa. Alikuja mtu na daftari, au na simu ya kujazia fomu, akauliza ulitoka kijiji gani, ulikimbia lini, nani alikufa. Kisha akaondoka. Mgao haukuongezeka, na hukumwona tena. Ndiyo maana wengi husema, "Hawa wanatuuliza tu." Leo tufuate safari ya majibu ya namna hiyo, yaliyotoka Kongo na kufika mbele ya majaji Uholanzi.

Tuanze Kisangani. Mwaka 2000 mji huo ulikuwa mikononi mwa majeshi mawili ya kigeni, la Uganda na la Rwanda, ambayo mwanzoni yalikuwa upande mmoja. Yalikuwa yamekwisha kupigana hapo kabla. Lakini kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni yalipigana kwa siku sita mfululizo, na makombora yakaangukia mitaa ya raia. Kama ulikuwa huko, huhitaji kuelezwa.

Siku tatu tu kabla ya mapigano hayo, tarehe 2 Juni, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limeomba liundwe jopo la wataalamu lichunguze uporaji wa mali asili ya Kongo. Jopo hilo halikuwa na askari wala polisi, na halikuweza kumlazimisha mtu aseme. Kazi yake ilikuwa kuuliza na kulinganisha majibu na nyaraka za biashara. Ripoti yake ya Aprili 2001 ilieleza jinsi dhahabu, almasi, koltani, mbao na kahawa vilivyokuwa vikitolewa nje. Waliotajwa walikanusha. Hata hivyo Uganda iliunda tume yake yenyewe chini ya Jaji David Porter, na kwa maoni yangu hapo ndipo mambo yalipogeuka. Tume hiyo iliwahoji maofisa wa Uganda wenyewe. Katika kesi ya Kongo dhidi ya Uganda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, majaji waliupa ushahidi wa tume hiyo uzito mkubwa. Tarehe 19 Desemba 2005 walitamka kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa na inapaswa kulipa fidia. Kongo iliishtaki Rwanda pia, lakini mwaka 2006 mahakama ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo.

Fidia ni ya kiasi gani? Swali hilo lilichukua miaka mingine 16.

Wakati huo wote walikuwapo watafiti wa aina nyingine. Shirika la International Rescue Committee lilituma watu nyumba kwa nyumba kuuliza kila kaya nani alizaliwa na nani alikufa. Mwaka 2008 lilitangaza kwamba tangu Agosti 1998 walikufa watu milioni 5.4 zaidi ya wale ambao wangekufa kama kusingekuwa na vita. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliondolewa na malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo, porini na njiani, pasipo dawa. Wapo wataalamu walioipinga hesabu hiyo, wakisema kiwango cha vifo cha kabla ya vita kilichotumika kilikuwa cha chini mno. Ubishi huo haujaisha. Lakini hesabu hiyo iliufanya ulimwengu ugeuze shingo.

Mahakamani mambo yalikuwa tofauti. Kongo ilidai fidia kwa raia 180,000 waliokufa. Majaji walijibu kwamba utafiti wa namna ile hauwezi kuonyesha ni vifo vipi vilisababishwa na Uganda. Fomu za wahanga zilizopelekwa nazo hazikuwa na vithibitisho vya kutosha. Kilichosaidia zaidi ni ripoti za wachunguzi, ikiwemo ile ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, iliyopanga matukio 617 ya kati ya Machi 1993 na Juni 2003, tukio kwa tukio, mkoa kwa mkoa, baada ya kuzungumza na mashahidi zaidi ya 1,280. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama ilisema vifo ambavyo Uganda inapaswa kuvilipia ni kati ya 10,000 na 15,000. Fidia yote ikawa dola milioni 325, ilipwe kwa miaka mitano, milioni 65 kila mwaka. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11.

Pima mwenyewe umbali kati ya 180,000 na 15,000. Si kwamba majaji walisema waliobaki hawakufa. Walisema hawakuonyeshwa.

Kuuliza kuna hatari pia, na hatari haimkuti mgeni peke yake. Machi 2017 wataalamu wawili wa Umoja wa Mataifa, Michael Sharp na Zaida Catalán, waliuawa Kasai wakiwa kazini. Mkalimani wao Mkongo na madereva wa pikipiki waliofuatana nao hawakurudi nyumbani. Kwa hiyo, kabla hujajibu, muulize mwenye daftari ametumwa na nani, jina lako litaandikwa au la, na nani atasoma. Una haki ya kukataa, na kukataa hakupaswi kukunyima mgao. Ukikubali, sema uliyoyaona mwenyewe mbali na uliyoyasikia. Taja mahali, na siku kama unaikumbuka. Kama huikumbuki, sema ilikuwa msimu gani, au baada ya sikukuu ipi.

Fidia hiyo ya Uganda hupitia mfuko wa serikali ya Kongo uitwao FRIVAO, wenye makao yake Kisangani, mbali na kambi hizi. Mkimaliza kusoma, jadilini hili katika kikundi chenu: mtu aliyekimbia bila karatasi hata moja, nani kati ya majirani zake wa zamani yuko hai, na yuko kambi gani, anayeweza kusema, "Nilikuwapo"?

(Muziki unapanda.)