"Ndiyo" na "Hapana" ndani ya ordinatere

Unix, iliyoanza Bell Labs mwaka 1969, ilizoea kupima ruhusa kwa ngazi tatu: mwenye fishie, kundi lake, na wengine wote. Kumufungia mutu moja tu wa kundi ilikuwa nguvu. Mwaka 1993, Windows NT ya Microsoft ikaleta liste ya majina: kila jina "ndiyo" ao "hapana". Zikigongana, "hapana" inashinda. Ukiikatalia "watu wote", hata wewe mwenyewe hautafungua. Lakini tangu Windows 2000, "ndiyo" iliyowekwa kwenye fishie yenyewe inashinda "hapana" iliyorithiwa toka dosie. Basi, kama liste ya mishahara iko ndani ya dosie iliyofungwa, tusilale: tupime na fishie yenyewe.