Lisemwalo Lipo? Tuwafundishe Wanafunzi Kupima Habari

  

Leo nataka tuzungumze juu ya kijana unayemfahamu. Ni mwana wako au binti wa jirani, aliyefika chuo kikuu. Jioni watu wanamletea karatasi iliyookotwa njiani, au simu yenye ujumbe. Wanamwambia: "Wewe umesoma. Hii ni kweli?" Jibu lake linaweza kufanya familia ikimbie usiku bila chakula. Linaweza pia kufanya vijana washike mapanga wamwendee jirani. Je, chuoni nani alimfundisha kujibu swali hilo?

Wengi wetu tunadhani diploma inatosha. Mtu aliyesoma hadanganyiki, tunasema. Historia ya majirani zetu inatuonyesha kwamba sivyo.

Tarehe 3 Machi 1992, redio ya taifa ya Rwanda ilisoma tangazo, ikalirudia mara kadhaa siku hiyo. Lilisemekana limetoka kwa kikundi cha haki za binadamu huko Nairobi. Lilionya kwamba Watutsi walikuwa wamepanga kuwaua viongozi wa Kihutu. Habari hiyo haikuhakikishwa kabla ya kusomwa. Katika siku zilizofuata, katika eneo la Bugesera, kusini ya Kigali, mamia ya Watutsi waliuawa na nyumba zao zikachomwa.

Tuna methali inayosema: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Bugesera lilisemwa jambo ambalo halikuwepo. Mauaji yakaja kweli, lakini walioyaleta ni wale walioamini tangazo na wale waliolitumia. Waliouawa ni wale walioitwa wauaji.

Sasa sikiliza vizuri. Mkurugenzi wa ofisi ya serikali iliyosimamia redio hiyo alikuwa Ferdinand Nahimana. Huyu hakuwa mtu asiyejua kusoma. Alikuwa mwanahistoria, amepata udaktari Ufaransa, na alifundisha katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda. Kazi ya mwanahistoria ni kuuliza: barua hii imeandikwa na nani, lini, kwa nini? Baada ya Bugesera aliondolewa katika ofisi ile. Mwaka 1993 akawa mmoja wa waanzilishi wa redio nyingine, RTLM, iliyoanza kusikika mwezi wa Julai mwaka huo.

Usidhani RTLM ilianza kwa kufoka. Ilipendwa kwanza. Ilipiga muziki mzuri, na nyimbo za kwetu Congo zilikuwamo. Watangazaji walifanya mizaha na kuongea kama watu wanaokaa pamoja kwenye chupa ya bia. Tena haikusema uongo mtupu. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa na wanajeshi. Hiyo ilikuwa kweli. RTLM ilichukua kweli hiyo, ikaongeza mambo ya kutisha, halafu ikafunga humo hukumu: mnaona, wote ndivyo walivyo. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi, redio hiyo iliwaita watu mende na kutaja majina ya watu na mahali walipojificha. Mahakama ya kimataifa huko Arusha, Tanzania, ilimhukumu Nahimana kifungo cha maisha mwaka 2003. Katika rufaa, mwaka 2007, kikapunguzwa kuwa miaka 30.

Nasi tusinyooshe kidole upande mmoja tu. Mwaka 1998, vita ilipowaka tena katika nchi yetu, maneno ya chuki dhidi ya jamii nzima yalisikika katika redio za Congo pia.

Basi mwanafunzi afundishwe nini? Jambo hili limejaribiwa zamani. Mwaka 1937, huko New York, Marekani, walimu kadhaa walianzisha taasisi ya kuchunguza propaganda. Aliyeiongoza mwanzoni ni Clyde Miller wa chuo cha ualimu cha Columbia. Wakati ule redio ilikuwa chombo kipya chenye nguvu, na Hitler aliitumia vizuri sana Ujerumani. Taasisi hiyo ilitoa vijitabu vilivyotumika katika shule na vyuo. Viliorodhesha hila 7 za wenye kushawishi: kumpachika mtu jina baya, kutumia maneno matamu yasiyopimika, kuazima heshima ya kitu kitakatifu, kama bendera au dini, kuleta shahidi maarufu, kujifanya mtu wa kawaida kama wewe, kuchagua habari za upande mmoja, na kusema "wote wanafanya hivi, usibaki nyuma."

Rudi sasa kwa RTLM uhesabu. Mende: jina baya. Mizaha ya kwenye bia: mtu wa kawaida kama wewe. Kifo cha Ndadaye bila habari nyingine: upande mmoja. Mwanafunzi aliyezoea kuzitambua hila hizo angezisikia.

Lakini taasisi ile ilikuwa na kasoro mbili, na sisi tujifunze kwazo. Kwanza, wengine waliilaumu kwamba iliwafanya vijana washuku kila kitu. Lawama hiyo ina uzito. Anayesema "zote ni uongo" hana faida kuliko anayesema "zote ni kweli". Wote wawili wameacha kuchunguza. Pili, ilifungwa mwaka 1942, mara tu Marekani ilipoingia vitani. Ndivyo ilivyo mara nyingi: vita ikifika, anayeuliza anaitwa msaliti. Na ni saa hiyo maswali yanapohitajiwa zaidi.

Kwa hiyo mfundishe kijana kutofautisha. Wiki ileile ya Bugesera, alikuwako Nyamata mwanamke Mwitaliano, Antonia Locatelli, aliyeishi Rwanda miaka mingi. Alipiga simu kwa redio za ng'ambo akaeleza alichokiona kwa macho yake: kwamba watu wanauawa, na kwamba hii si hasira ya ghafla bali ni jambo lililopangwa. Muda mfupi baadaye aliuawa kwa risasi. Weka habari hizi mbili kando kwa kando. Moja ni barua isiyo na mwenyewe. Nyingine ina jina, ina mahali, na msemaji yupo pale. Zote mbili zilipita redioni. Hazina uzito mmoja.

Kijana ashike maswali 4. Nani anasema, na ana jina? Amejuaje: ameona, au ameambiwa? Anataka nifanye nini baada ya kusikia? Na nani hakupewa nafasi ya kusema? Swali la tatu ni kali. Habari ikimalizika kwa kukuambia uwachukie watu wote wa kabila fulani, simama hapo, hata kama mwanzo wake ulikuwa kweli.

Ninyi walimu wa vyuo, hata kama maktaba imeporwa, somo hili linawezekana chini ya mti. Chukueni tukio moja lililosemwa na redio mbili. Wanafunzi wachore safu mbili: upande huu yaliyoonekana, upande ule yaliyohukumiwa. Na msianze na redio ya adui. Hiyo kila mtu anaipinga bila kufundishwa. Anzeni na ile inayopendwa na jamii yenu wenyewe.

Ninyi wakuu na wazee, simaanishi tusikimbie hatari. Ukisikia risasi, ondoka na watoto. Lakini kama ni maneno tu, waite vijana waliosoma, kutoka kila jamii iliyopo kambini. Watafute waliotoka kijiji kinachotajwa, au wampigie simu mtu wanayemjua aliye kule. Kabla ya jibu kuja, msilirudie neno hilo sokoni wala kanisani. Likionekana ni kweli, toeni tangazo lenye majina na mahali. Likionekana ni uongo, tangazeni hivyo mbele ya watu wote, kwa sauti ileile.

Na redio si adui. Agosti 1994, Radio Agatashya ilianza kusikika kutoka Bukavu kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji wa Kivu. Mwaka 2002 ilizaliwa Radio Okapi, inayotangaza kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kikongo na Tshiluba. Chombo ni kilekile kilichotumika kuua.

Nasi tunaosema nawe sasa, utupime kwa maswali yaleyale. Usituamini kwa sababu sauti ni nzuri.

Baba, mama, jioni ya leo kijana wako akiulizwa "hii ni kweli?", usimharakishe ajibu upesi. Jibu zuri linaweza kuwa hili: "Sijui bado. Nipeni muda niulize." Mtu wa namna hiyo asidharauliwe. Pengine uhai wa jirani yako umo katika muda huo anaouomba.