Star Wars: utajiri uliokaa ndani ya mkataba

Krismasi ya mwaka 1977, watoto wengi wa Marekani walifungua zawadi zao wakakuta bahasha kubwa ya kadibodi isiyo na mdoli hata mmoja. Ndani mlikuwa na picha ya kusimamisha mezani, vibandiko, na cheti cha kujaza na kutuma kwa posta. Ukishakituma, kampuni ya Kenner ya Cincinnati, Ohio, ingekuletea midoli minne miezi kadhaa baadaye: Luke Skywalker, Binti Mfalme Leia, Chewbacca na roboti R2-D2. Kenner walikuwa wamepata haki ya kutengeneza midoli hiyo, lakini hawakutarajia filamu yenyewe ingewaka moto kiasi kile, na viwanda havikuwahi sikukuu. Basi wakauza ahadi, na wazazi wakailipia.

Wanaosimulia historia ya Star Wars hupenda kuanza na panga za mwanga na vyombo vya angani. Ukifuata pesa, unafika kwanza ofisini, kwenye mazungumzo ya mkataba yaliyoanza mwaka 1973.

Mwaka huo George Lucas alikuwa kijana wa miaka 29, mwongozaji wa filamu ya vijana na magari iliyoitwa American Graffiti. Iligharimu chini ya dola 800,000 na mwishowe ikaingiza zaidi ya dola milioni 100. Kabla haijatoka, Lucas alikuwa amekwishazungusha wazo lake la hadithi ya angani. United Artists wakalikataa. Universal nao wakalipita. Aliyelipokea ni Alan Ladd Jr. wa 20th Century Fox, ambaye, kwa mujibu wa wote waliokuwepo, hakuielewa vizuri hadithi yenyewe ila alimwamini mtu.

American Graffiti ilipovuma, desturi ya Hollywood ilimruhusu Lucas arudi mezani na kudai ujira mnono. Hakufanya hivyo. Alibaki na dola 150,000 za kuandika na kuongoza, akaelekeza nguvu zake kwenye vitu ambavyo mawakili wa studio waliviona pumba: nani atamiliki filamu za mwendelezo, na nani atakuwa na sauti kwenye bidhaa zitakazobeba jina la filamu. Fox hawakuwa wajinga. Miaka sita nyuma walikuwa wametoa Doctor Dolittle, wakajaza maduka bidhaa za kila aina zenye jina hilo, filamu ikaanguka na bidhaa zikabaki rafuni. Mtu akikuomba haki ya kuuza midoli baada ya hasara kama ile, utadhani anakuondolea mzigo. Na filamu za angani nazo zilikuwa na sifa mbaya kwa wahasibu. Nani angefikiria sehemu ya pili wakati ya kwanza yenyewe ilikuwa kamari?

Kamari kweli. Upigaji picha ulianza Machi 1976 kusini mwa Tunisia, na mvua isiyo ya kawaida ikanyesha jangwani. Roboti ziligoma kutembea. Kutoka huko kundi likahamia studio za Elstree, Uingereza, ambako mafundi waliacha kazi jioni saa yao ilipofika, mwongozaji apende asipende. Bajeti ilipanda hadi takriban dola milioni 11. Wakati huohuo, kwenye ghala moja la Van Nuys, California, vijana wa kampuni mpya ya Lucas iitwayo Industrial Light & Magic walikuwa wakijenga kamera ambayo haijawahi kuwepo. Chini ya John Dykstra, waliiunganisha na mitambo ya umeme iliyokumbuka kila mwendo na kuurudia bila kukosea hata nywele. Siri ilikuwa hapo: chombo cha plastiki hakisogei, kamera ndiyo inayosogea, kisha mwendo uleule unarudiwa kwa chombo cha pili na cha tatu, na vipande vinaunganishwa hadi vinakuwa vita vya angani. Lakini Lucas aliporudi kutoka Uingereza alikuta nusu ya fedha za kitengo hicho imekwisha na picha za kutumika ni za kuhesabu kwa vidole. Muda si mrefu akalazwa hospitali kwa maumivu ya kifua na uchovu.

Ben Burtt, kijana aliyepewa kazi ya sauti, alikuwa na bahati zaidi. Mngurumo wa upanga wa mwanga aliupata kwenye mota ya projekta kuukuu, akauchanganya na mvumo wa maikrofoni iliyopitishwa nyuma ya televisheni. Pumzi ya adui mkuu, Darth Vader, ni kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi. Sauti ya Chewbacca ni ya dubu, pamoja na wanyama wengine kadhaa. Mlio wa ndege za kivita za adui una tembo ndani yake.

Filamu ilitoka Jumatano, Mei 25, 1977, kwenye kumbi 32 tu. Idadi hiyo inashangaza ukikumbuka kwamba miaka miwili kabla, Universal walikuwa wamefungua Jaws ya Steven Spielberg kwenye kumbi zaidi ya 400 kwa siku moja, huku televisheni zikiitangaza kila jioni, na wakabadilisha kabisa desturi ya zamani ya kuisogeza filamu taratibu mji hadi mji. Fox hawakuipa Star Wars heshima hiyo. Tegemeo lao la msimu lilikuwa The Other Side of Midnight, filamu ya mapenzi na visasi, na wenye kumbi walipoikimbilia hiyo waliambiwa wachukue na ile ya angani. Leo ni nani anayeikumbuka The Other Side of Midnight?

Siku hiyo Lucas alikuwa amejifungia studio akichanganya sauti za nakala nyingine, akasahau kabisa kwamba ni siku ya uzinduzi. Alipotoka na mkewe Marcia kwenda kula kwenye mkahawa uliotazamana na ukumbi wa Mann's Chinese, Hollywood, walikuta barabara imefungana kwa magari na watu. Ilibidi wainue macho kwenye ubao wa ukumbi ndipo wajue watu wamefuata nini. (Marcia, kwa taarifa yako, ndiye aliyeondoka na Oscar ya uhariri wa filamu hiyo mwaka uliofuata, pamoja na Paul Hirsch na Richard Chew. George, aliyewania tuzo za uongozaji na uandishi, alirudi mikono mitupu. Tuzo ya filamu bora ilikwenda kwa Annie Hall.)

Mwaka haukwisha kabla Star Wars haijaipita Jaws. Na hapo ndipo karatasi zilipoanza kusema. Alec Guinness, mwigizaji mkongwe wa Kiingereza ambaye kwenye barua zake aliyadharau maneno aliyopewa kuyasema, alikuwa na asilimia mbili na ushei ya fungu la faida, na fungu hilo lilimtunza maisha yake yote. James Earl Jones, ambaye sauti yake ndiyo Darth Vader, alilipwa dola 7,000 na basi. Spielberg alivuna bila kupanda: Lucas, akiamini Close Encounters of the Third Kind ya rafiki yake ingefanya vizuri zaidi kuliko yake, aliomba wabadilishane asilimia mbili na nusu ya faida. Spielberg akakubali, na mwenyewe amesimulia kwamba fedha ziliendelea kumjia miongo mingi baadaye.

Kwa Lucas mwenyewe, asilimia haikuwa hoja. Alikuwa na haki ya mwendelezo, na alikuwa na midoli. Kenner waliipunguza midoli yao hadi karibu sentimita tisa na nusu, vimo vidogo kuliko ilivyozoeleka, ili iweze kukaa ndani ya vyombo vya kuruka ambavyo navyo vingeuzwa. Mtoto aliyenunua rubani alihitaji ndege. Mwaka 1978 iliuzwa midoli zaidi ya milioni 40.

Fedha hizo ndizo zilizomwezesha kufanya jambo ambalo waongozaji wa Hollywood waliliota tu: kugharamia sehemu ya pili mwenyewe. The Empire Strikes Back ilipangiwa dola milioni 18 ikaishia karibu milioni 30. Benki yake ilishtuka katikati ya kazi, ikabidi apate nyingine, na Fox wakaingia kama wadhamini kwa kulegezewa masharti. Ilipotoka Mei 1980 iliingiza zaidi ya dola milioni 200 Marekani peke yake. Kuanzia hapo studio kubwa ikawa msambazaji tu, na mwenye mali akawa mtu mmoja aliyeishi mbali na Hollywood, kaskazini mwa California.

Faida ilizaa vitu visivyo na uhusiano wowote na sayari za kubuni. Kitengo cha kompyuta cha Lucasfilm, kampuni ya Lucas, ndicho alichokinunua Steve Jobs mwaka 1986, kikawa Pixar. Programu ya Photoshop ilitengenezwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll, na John alikuwa mfanyakazi wa Industrial Light & Magic. Katika sensa ya 2001, watu takriban 390,000 wa Uingereza na Wales waliandika kwamba dini yao ni Jedi, jina la wapiganaji wa panga za mwanga katika filamu hizo. Wengi kwa mzaha, bila shaka, lakini mzaha wa watu wengi kiasi hicho una mizizi.

Kwetu Afrika Mashariki mzizi huo ni mwembamba, ingawa tumo ndani ya kazi yenyewe kuliko tunavyojisifu. Katika Return of the Jedi ya 1983, rubani Lando Calrissian anaporusha chombo cha Millennium Falcon kwenye pambano la mwisho, pembeni yake ameketi rubani msaidizi mwenye mashavu yaliyoning'inia, Nien Nunb. Ben Burtt alimtafutia sauti, akampata Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani. Maneno yanayotoka kinywani mwa kile kikaragosi ni lugha ya watu halisi. Mwenye kujua Kikuyu akikaza sikio hushika sentensi nzima, na hucheka, kwa sababu Lando anajibu kana kwamba ameelewa. Burtt alifanya vivyo hivyo kwa viumbe wengine wa filamu hizo: lugha ya Wajawa wa jangwani ilijengwa juu ya Kizulu, ya Greedo juu ya Kikechua cha Amerika ya Kusini, ya Waewok juu ya Kikalmyk. Ni ufundi mzuri wa sauti. Ila ukiwa upande wetu wa dunia, unajiuliza kwa nini mashujaa wote wanasema Kiingereza, na lugha za bibi zetu zinakwenda kwa viumbe wenye sura za ajabu.

Rotich aliitwa tena kumpa Nien Nunb sauti mwaka 2015, katika The Force Awakens. Filamu hiyohiyo ilimleta Lupita Nyong'o, mwaka mmoja tu baada ya Oscar yake ya 12 Years a Slave. Alicheza Maz Kanata, ajuza wa zaidi ya miaka elfu moja aliyeundwa kwa kompyuta kutoka kichwani hadi miguuni. Yaani Wakenya wawili wamesafiri kwenye sayari hizo, na hakuna hata mmoja ambaye mtazamaji ameona uso wake.

Huku nyumbani, vibanda vya video vya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam vilikuwa na miungu yao: Bruce Lee, Rambo, Schwarzenegger wa Commando, na sinema za Kihindi zilizotangulia wote. Hadithi hizo zinajitosheleza. Ukiingia katikati, dakika tano zinakutosha kujua nani mwema na nani atakufa. Star Wars ilidai uwe umeiona ya kwanza ukiwa mdogo, uikumbuke, kisha ukubwani umpeleke mwanao. China ilithibitisha jambo hilo kwa tarakimu. Filamu tatu za mwanzo hazikuonyeshwa kwenye kumbi za kawaida huko zilipotoka, na The Force Awakens ilipofika, filamu iliyovunja rekodi ya mapato ya Marekani kwa dola milioni 936, Wachina waliilipia takriban milioni 124. Hawakuichukia. Hawakuwa na utoto wa kuukumbuka, basi.

Disney walikuwa wananunua utoto huo Oktoba 2012 walipotangaza kuichukua Lucasfilm kwa dola bilioni 4.05. Lucas, mwenye hisa zote, alilipwa karibu nusu kwa fedha taslimu na nusu kwa hisa za Disney. The Force Awakens peke yake ikaingiza zaidi ya dola bilioni mbili duniani. Kisha wenye mali wapya wakaanza kutoa filamu kila mwaka, wakati Lucas alikuwa akiwaacha watu wakae na kiu miaka mitatu, na safari moja miaka kumi na sita. Mwaka 2018 Solo ikawa filamu ya kwanza ya mfululizo huo kula hasara. Sioni ajabu. Pilau ya kila siku hugeuka ugali.

Kulikuwa na kipande kimoja ambacho hata bilioni hizo nne hazikukinunua. Fox, walioachia midoli na mwendelezo, walikuwa wamebaki na haki za kudumu za kuisambaza ile filamu ya kwanza ya 1977. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka sita Disney walimiliki Luke, Leia na Darth Vader, lakini hadithi iliyowazaa ilisambazwa na mshindani wao. Jambo hilo liliisha Machi 2019, Disney walipowameza Fox wenyewe katika biashara ya dola bilioni 71. Miaka mitano baadaye, wawekezaji waliotaka kuingia kwenye bodi ya Disney walipozusha mvutano na mkurugenzi mkuu Bob Iger, Lucas alijitokeza hadharani kutangaza kwamba kura za hisa zake anampa Iger.