Upenu na Kimiani: Nyumba za Pwani Zilivyojitafutia Kivuli

Tazama nyumba ya udongo na makuti baada ya mvua kubwa ya masika. Ua umetota, njia imegeuka mfereji, lakini ukuta ni mkavu. Hatua moja hivi kutoka ukutani maji yamechimba mstari mwembamba mchangani, sambamba na nyumba pande zote. Hapo ndipo upenu ulipoyatua. Ukiukata upenu huo, udongo utaanza kumomonyoka msimu uleule, kuanzia chini, pale matone yanaporukia ukuta.

Fundi wa makuti huanza kazi yake hapo hapo, kwenye upenu. Kuti ni majani ya mnazi yaliyokunjwa juu ya ufito na kushonwa kwa kamba. Safu ya kwanza hufungwa kwenye fito za chini kabisa, zilizobebwa na makombamoyo yaliyoachwa makusudi yapite mtambaapanya na kuning'inia nje ya ukuta. Safu ya pili huilalia ya kwanza, ya tatu huilalia ya pili, hadi juu mwambani. Kipaa sharti kiwe kikali, kwa sababu kikilala maji hutuama na kuti huoza. Na kwa kuwa ni kikali, kadiri upenu unavyotoka nje ndivyo unavyoshuka, hata mgeni mrefu huinama kabla hajapiga hodi.

Chini ya upenu likaja baraza, sakafu iliyoinuliwa kidogo au benchi la udongo na mawe lililoambatana na ukuta. Humo watu hula, husuka mikeka, hucheza bao, hunywa kahawa na kusuluhisha ugomvi. Kwa hesabu ya fundi, baraza ni faida ya pili, kwani paa lilitokezwa nje kwa ajili ya kuulinda ukuta. Nalisisitiza hili kwa sababu siku hizi upenu unahesabiwa kuwa pambo, kitu cha kupunguzwa bajeti inapobana.

Nyumba za mawe za Lamu, Pate, Mombasa na Unguja zilipita njia nyingine. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kama nusu mita, na dari la boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, wa mita 3 au chini kidogo, na ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Paa lilikuwa sakafu ya mawe na chokaa, tambarare, lisilo na upenu hata kidogo.

Jua lilizuiwaje basi? Lilizuiwa na mji wenyewe. Vichochoro vilifanywa vyembamba kiasi kwamba ukuta wa jirani ndio uliokuwa upenu wako kwa sehemu kubwa ya siku. Penye nafasi, watu wa Lamu walijenga wikio, chumba kinachovuka juu ya njia kutoka nyumba hadi nyumba, na mpita njia chini yake akapata kivuli bila kukilipia. Mlangoni palikuwa na daka lenye mabenchi ya mawe, ambamo mgeni alisubiri bila kuyaona ya ndani. Mwanga na hewa viliingia kupitia kiwanda, ule uwanja wa katikati ya nyumba.

Udhaifu wa mtindo huu ulikuwa mvua. Paa tambarare la chokaa lilitaka kutunzwa kila mwaka, na ufa mdogo ulitosha kuyafikisha maji kwenye boriti. Ndiyo maana Lamu leo utaona mapaa ya makuti yaliyosimamishwa juu ya yale ya mawe, na Mji Mkongwe wa Unguja umefunikwa na mabati yaliyowekwa juu ya mapaa ya zamani. Nyumba za mawe, baada ya karne kadhaa, zikaazima kofia kutoka kwa nyumba za udongo.

Karne ya 19 ilibadili sura ya mambo, na Unguja ndiyo iliyotangulia. Seyyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, ambaye alizaliwa mwaka 1844 na baadaye kujulikana kama Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886. Humo anaieleza kasri ya Mtoni alikokulia, na hasa banda la mbao la duara lililoelekea bahari, lenye paa lililochongoka kama hema. Baba yake alikuwa na mazoea ya kutembea humo huku na huku, peke yake, akiwaza. Sultani mwenye kuta nene za mawe alichagua kukaa chini ya paa jepesi, pande zote wazi, upepo wa bahari ukipita.

Mwanawe, Seyyid Barghash, aliichukua fikra hiyo na kuifanya jengo zima. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliyojengwa mwaka 1883, ilizungukwa na veranda pana zilizopandana ghorofa kwa ghorofa, zikibebwa na nguzo za chuma cha kusubu zilizoletwa kwa meli. Watu hulikumbuka jengo hilo kwa taa za umeme na lifti. Mimi naona ajabu yake kubwa ni zile veranda. Nyumba kubwa za Waarabu wa Oman zilikuwa zimegeuzia mji mgongo, kuta zake za nje zikiwa tupu, uhai wote uko ndani. Beit al-Ajaib ikageuka ikatazama nje, na iliweza kufanya hivyo kwa sababu jua lilikuwa limeshawekwa umbali wa mita kadhaa kutoka kwenye kuta na milango yake.

Wafanyabiashara kutoka Gujarati na Kachi nao walikuja na desturi yao: duka chini, familia juu, na roshani ya mbao inayotokeza juu ya barabara. Hapa ndipo kimiani kilipopata enzi yake. Vipande vyembamba vya mbao vilikatishwa au kutobolewa kwa msumeno mwembamba, pakazibwa navyo mbele ya roshani na juu ya milango. Upepo ulipita, mwanga ulipita ukiwa umepunguzwa makali, na mwanamke aliyekaa nyuma yake aliiona barabara yote bila kuonwa. Kielelezo bora zaidi ni jengo aliloanzisha Tharia Topan, tajiri na msimamizi wa forodha. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, mwaka wa jubilei ya Malkia Victoria, na kazi ikakamilika mwaka 1894, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Baadaye ghorofa ya chini ikawa zahanati, na jina la Zahanati ya Zamani likabaki. Lilikarabatiwa miaka ya 1990 na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan. Ukisimama mbele ya roshani zake, zipe macho dakika chache: kila ghorofa inaitupia ile ya chini yake kivuli, na ukingo wa paa umepambwa kwa ubao uliokatwa kama lesi, ambao kazi yake pia ni kuyadondosha maji mbali na mbao za chini.

Wazungu walipofika waliogopa hewa. Hadi mwisho wa karne ya 19 wengi wao waliamini kwamba malaria hutokana na mvuke mbaya wa ardhini, kwa hiyo waliinua nyumba juu ya nguzo na kuzizungushia veranda ili upepo usikome. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alimkuta mdudu wa malaria ndani ya mbu. Sababu ya kuogopa hewa ikafutika, lakini veranda ikabaki, sasa ikizungushiwa wavu wa waya. Wavu ule ni kimiani chenye matundu madogo, kilichokusudiwa mbu badala ya macho ya wapita njia.

Pamoja na Wazungu yakaja mabati. Henry Robinson Palmer alikuwa amesajili bati la migongo London mwaka 1829, na reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilisaidia kuyapeleka bara. Bati ni jepesi, halishiki moto kama makuti, na halidai kipaa kikali. Lakini linapasha joto vibaya, na kwa kuwa linauzwa kwa kipande, mjenzi huanza kuhesabu kila futi inayotokea nje ya ukuta. Kufupishwa kwa upenu kulianzia dukani.

Hata hivyo, nyumba ya Kiswahili ilistahimili mabadiliko hayo yote. Ukanda katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, ua nyuma, baraza mbele: ramani hiyo ilitoka pwani ikafuata misafara na baadaye reli, ikaota mizizi Tabora, Ujiji, Kariakoo na Magomeni za Dar es Salaam, hadi Pumwani mjini Nairobi. Udongo ukawa tofali, makuti yakawa bati, lakini upenu wa mbele uliachwa mrefu kwa sababu baraza liliudai.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia saruji ikachukua kazi ya mbao. Majengo ya miaka ya 1950 na 1960 pale Upanga, Dar es Salaam, yamejaa matofali ya matundu kwenye ngazi na roshani, na bapa za zege zinazotokeza juu ya madirisha. Wasanifu wa wakati huo, miongoni mwao Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam, walichora jua kwanza ndipo wakachora ukuta. Kilele chake kwangu ni soko la Kariakoo, kazi ya Beda Amuli iliyokamilika mwaka 1975. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja juu ya nguzo yake, ikitoa kivuli, ikipitisha hewa kati yake, na kukusanya maji ya mvua. Pale hakuna ukingo wa paa unaoishia ukutani, kwa maana paa lote limekuwa upenu. Moto wa Julai 2021 uliliumiza soko hilo, na nilishukuru niliposikia kwamba litakarabatiwa badala ya kubomolewa.

Hesabu ambayo mafundi wote hawa waliijua kwa macho yao, inafaa kila anayejenga leo aifanye kwa penseli. Dar es Salaam iko nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, saa sita mchana, jua liko upande wa kaskazini, nyuzi 30 kutoka utosini. Upenu wa sentimita 60 unaufunika ukuta wa kaskazini kwa mita 1 hivi kuja chini, na upenu wa mita 1 unaufunika kwa karibu mita 1.7, yaani sehemu kubwa ya dirisha. Desemba jua huhamia kusini, lakini liko karibu zaidi na utosi, nyuzi 17 tu, kwa hiyo upenu uleule wa sentimita 60 unaufunika ukuta wa kusini kwa mita 2. Kwa pande hizo mbili, futi mbili za paa zinafanya kazi kubwa.

Upande wa magharibi mambo ni mengine kabisa. Saa kumi na moja jioni jua limeshuka, linapiga karibu mlalo, na upenu uleule wa sentimita 60 unatoa kivuli cha kama sentimita 20 tu, ambacho hata dirishani hakifiki. Hapo paa halisaidii. Kinachosaidia ni kitu kilichosimama wima mbele ya ukuta: roshani ya kimiani, tofali la matundu, au chanja ya mimea inayotambaa. Wazee hawakuweka upenu na kimiani kwa kurudia kazi moja. Upenu ulikuwa wa mvua na jua la mchana, kimiani cha asubuhi na jioni.

Katika miaka ya karibuni Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza zimejaa nyumba za paa la kuficha. Kuta zinapandishwa juu ya kenchi, bati linalazwa nyuma yake, na kutoka barabarani unaona sanduku safi lenye rangi mbili tatu na vioo vikubwa. Naelewa mvuto wake. Viwanja vimekuwa vidogo, mbao ni ghali, na nyumba hizo zinapendeza pichani. Lakini maji yote ya paa sasa yanakusanyika ndani ya gata iliyojificha kati ya bati na ukuta, na majani makavu yakiiziba maji yanatafuta njia ya dari. Ukuta wa nje, usio na kitu juu yake, unapokea kila tone: baada ya misimu michache michirizi myeusi inateremka kutoka juu, rangi inavimba, na madirisha ya magharibi yanafungwa mapazia mazito saa tisa alasiri huku kiyoyozi kikiunguruma. Inaniuma kuona familia iliyojinyima miaka kumi kujenga ikilipia kwa umeme kivuli ambacho bibi yao alikipata kwa makuti.

Kwa aliyekwisha jenga, marekebisho yapo na hayahitaji kubomoa paa. Mafundi wa kuchomelea wanatengeneza vipenu vya bati au vya bomba za mraba vya kufunga juu ya dirisha moja moja, na hivyo vinatosha kwa kaskazini na kusini. Kwa magharibi, agiza kimiani cha bomba au cha mbao ngumu iliyopakwa dawa ya mchwa, kifungwe shubiri moja au mbili mbali na ukuta ili hewa ipite nyuma yake na unyevu usikae. Nguzo zake zisimamishwe juu ya zege, zisichimbiwe udongoni. Bogenvilia hupendeza, ila ina miiba na hutaka kukatwa mara kwa mara. Pasheni hukua haraka zaidi, na ukiipanda mwanzoni mwa vuli, kiangazi kinachofuata dirisha litakuwa na pazia la majani.